Zamu ya Kifuani

Kila mwaka mwezi wa saba ukiingia, jirani zangu hapa Kalemie wananicheka. Upepo wa kiangazi ukishaanza kupanda kutoka ziwani asubuhi, mimi namvika binti yangu triko mbili, kofia ya sufu na soksi ndefu, ndipo namwachia aende shule. Ana miaka minane na haya zimeshamwingia. Akifika kona ya kwanza anavua kofia na kuificha kwenye mfuko wa madaftari, anadhani sijui. Mwaka huu mama mmoja anayeuza ndakala, dagaa wetu wa ziwani, kando ya njia yetu aliniuliza mbele ya watu, "Mama, huyu mutoto unamutuma kwenye masomo ao unamutuma Ulaya? Nani alishakufa na baridi hapa Kalemie?" Watu wakacheka. Mimi si mtu wa kumeza maneno, wanaonijua wanajua, lakini siku ile sikumjibu. Nilipita na kikapu changu.

Ningemjibu nini? Aliyekufa kwa baridi hapa namjua. Nilimzaa mwenyewe, nikambeba mwenyewe kwa miguu kutoka kijijini, na alikuwa na siku mbili tu duniani. Huyu ninayemvika kofia ni dada yake. Walikuwa wawili.

Wakati ule tulikaa katika kijiji cha wavuvi kusini ya mji, mwendo wa nusu siku kwa miguu ukifuata ufuko. Mimi ni mtoto wa watu wa kaskazini ya ziwa, wavuvi na wachuuzi, watu wanaohama na nyavu zao. Mume wangu ni mtu wa Moba, na mama yake alizaliwa juu kabisa, upande wa Pepa, kwenye nchi ya ng'ombe. Mwezi ule mume alikuwa amevuka kwenda Kigoma na magunia ya ndakala, na simu yake haikupatikana. Mama mkwe ndiye aliyeshuka kuja kunisaidia uzazi. Mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache, ambaye sikuwahi kumsikia akisema anaumwa. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa padri.

Baridi yetu ilimchekesha. Asubuhi mimi natetemeka nikikoka moto, yeye anatoka nje na kikwembe kimoja cha kitenge mabegani, anaangalia ziwa lilivyochafuka. "Hii munaita baridi?" alikuwa anasema. "Kwetu asubuhi majani inakuwa meupe, ng'ombe anapumua moshi. Hii ni upepo tu. Ni ya kukausha nguo." Na mimi, kwa kuwa sijawahi kufika kwao, niliamini kwamba baridi ya kweli ilikuwa huko juu, na hapa chini tulikuwa tunadeka.

Nilitarajia mtoto mmoja, mwezi wa tisa. Uchungu ukanishika mwezi wa saba. Kituo chetu cha afya kilikuwa vyumba viwili na kibaraza, na muganga wake kijana mwenye macho ya usingizi ambaye alifanya kazi ya watu wanne. Saa tisa mchana akatoka mvulana. Nikafikiri nimemaliza. Muganga akaweka mkono juu ya tumbo langu, akasema, "Mama, ungoje kidogo. Bado kuna muntu." Akatoka msichana.

Msichana alikuwa mdogo, lakini alikuwa mtoto. Alilia kwa hasira, akapiga miguu. Mvulana alikuwa kitu kingine. Ngozi ilimlegea kwenye mapaja kama soksi ya kaka yake mkubwa, na kilio chake ungedhani kinatoka chumba cha pili. Muganga aliwapima kwenye mizani, akaandika, akatazama alichoandika. Kisha akamvua mvulana kitambaa, akafungua blauzi yangu, akamlaza kifuani pangu akiwa uchi, akatufunika pamoja.

"Kuvezi, ile mashini ya kupasha watoto moto, hapa hatuna," akaniambia. "Kuvezi njo wewe. Kesho muende lopitali ya Kalemie. Musichana atavumilia, umufunike tu muzuri. Huyu kijana, hapana. Akae hapa, ngozi kwa ngozi, usimutoe mupaka lopitali. Hata akilia. Hata mwengine akilia. Umenisikia, mama?"

Nilimsikia. Mama mkwe naye alisikia, maana alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya moto. Muganga alipotoka alikuja akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akawaangalia wote wawili kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa umelainika, sikuwahi kuuona hivyo. Halafu akasema, "Maneno ya muganga ni ya watoto. Hawa si watoto. Hawa ni mapasa."

Mapasa ndivyo tunavyowaita mapacha. Kwa watu wangu mapasa wakizaliwa tunafurahi, tunakula, basi. Watu wa mume wangu wana sheria zao, na mama mkwe alinisomea zote jioni ile. Mapasa hawabaguliwi. Ukimpa mmoja, umempa na mwingine; ukimsalimia mmoja, msalimie na mwingine, hata kama amelala. Wanaogeshwa pamoja, wanavikwa sawa. Na mpaka siku watakapotolewa nje rasmi kwa ngoma na nyimbo zao, hawabebwi na watu wawili. Ukimpa huyu bibi yake na yule ukabaki naye, umewatenganisha, na mmoja atashika njia yake. Mama yao anawabeba wote wawili, mmoja mbele na mmoja mgongoni, na kila akipumzika anawabadilisha. Pasa anayeachwa mgongoni anaona amedharauliwa. Aliyedharauliwa hakai, anarudi alikotoka, na akirudi na hasira anamvuta mwenzake.

Msinidhanie mjinga. Nilikuwa nimesoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, na nilijua muganga hakuwa anatania. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mbili, uzazi wa kwanza, mama yangu mzazi mbali, mume ng'ambo. Na nilijua jambo moja ambalo kila mke mgeni katika ukoo ule alilijua: pasa akifa, hakuna atakayeuliza muganga alisema nini. Watauliza, mama yao alimbagua nani?

Siku iliyofuata tulingoja mtumbwi wa mota, haukuja. Ziwa lilikuwa limevimba, mawimbi yanapiga mpaka kwenye vichanja vya kukaushia samaki, na hakuna mwenye akili aliyesukuma chombo majini. Pikipiki ya kituo ilikuwa mjini inatengenezwa. Nilikaa na mvulana kifuani siku nzima, na msichana ubavuni, na mama mkwe hakusema kitu kwa sababu tulikuwa ndani, na ndani wote wawili walikuwa wamelala kwangu. Mvulana alinyonya kidogo kidogo, matone ya kukamuliwa kwenye kijiko. Jioni miguu yake ilikuwa na moto. Naikumbuka miguu ile, niliishika kwenye kiganja kimoja yote miwili.

Muganga akasema tusingoje tena, twende kwa miguu asubuhi, jua likishatoka.

Hapo ndipo likaja suala la bulangeti. Tulikuwa na bulangeti moja zito, la kahawia, mume alilinunua Kigoma mwaka wa harusi yetu. Mama mkwe alilitandaza kitandani, akalikunja katikati, akapima kwa shubiri upande huu na upande ule, akapima tena, kisha akalikata kwa wembe. Alikata polepole, mstari umenyooka kama kazi ya fundi cherehani. Kila mtoto akapata nusu yake. Nusu ile haikuweza kumzunguka mtoto mara mbili, ilimfunika, ikaisha. Mtu yeyote angeona kwamba bulangeti zima lilitosha kumkinga mmoja barabara, na nusu mbili hazikumkinga yeyote. Mimi niliona. Na ngoja niseme ukweli wangu: nilipomwona anakata, nilikasirika kwa ajili ya bulangeti. Lilikuwa zuri. Kuhusu mtoto sikufikiri.

Tulitoka asubuhi. Mama mkwe alichukua mizigo yote, beseni kichwani, mkeka, termosi ya chai, nguo. Mimi nilifunga wawili. Mvulana mbele, chini ya blauzi, ngozi kwa ngozi kama muganga alivyosema, na nusu yake ya bulangeti juu. Msichana nikambeleka mgongoni kwa kikwembe. Mjini ni kaskazini, na upepo wa kiangazi unatoka kusini. Kwa hiyo tulitembea na upepo nyuma yetu, unatusukuma. Njia ikawa nyepesi, nikashukuru hata. Sikuelewa kwamba kwa aliye kifuani mimi nilikuwa ukuta, na kwa aliye mgongoni hakukuwa na ukuta wowote.

Tulipumzika mara ya kwanza penye mawe makubwa, pale wavuvi wanapotandika nyavu. Mama mkwe akaweka beseni chini, akanimiminia chai. Nilipomaliza akanyoosha mikono, nikajua ni zamu. Nilimtoa mvulana kifuani. Alikuwa na joto na unyevunyevu wa jasho, jasho langu, na upepo ulipompiga alikunja uso wote. Mama mkwe akamfunga mgongoni mwangu kwa ustadi, akakaza kikwembe, akamfunika kichwa. Msichana akaja mbele. Alikuwa amepoa kidogo, akatafuta titi, akanyonya kama mtu mwenye haki yake.

Kabla ya kusimama nilipeleka mkono nyuma, nikagusa miguu ya mvulana. Nilisema moyoni, bado ina moto. Na kweli wakati ule ilikuwa bado.

Kituo cha pili hatukukichagua sisi. Kulikuwa na kijiji, na wanawake kama kumi hivi wamekaa wanamenya mihogo kando ya njia. Mmoja akaniona, mbele kichwa, nyuma kichwa, akaacha kisu. Mnajua mama wa mapasa anavyopokelewa huku kwetu. Nyimbo zake ni za matusi, wanakutukana wewe na mume wako mambo ya chumbani waziwazi, mchana kweupe, na hiyo ndiyo baraka yenyewe. Walinizunguka wakiimba na kucheza, wakaleta viazi viwili, mayai mawili, vipande viwili vya sabuni. "Mama Mapasa, tuonyeshe!" wakasema. "Wote wawili. Usitufiche mumoja."

Wakafunua. Mikono mingi, ya furaha, ya unga wa mihogo. Wakamfunua mvulana kichwa na mabega, wakamwita jina la pasa wa kwanza, wakamfunua msichana, wakamwita la pili. Upepo ulikuwa unapita katikati yetu. Na mimi nilicheka. Nani asingecheka? Sikuwahi kuimbiwa na watu maishani mwangu, hata siku ya harusi sikuimbiwa vile. Niligeuka huku na huku wapate kuona vizuri. Mama mkwe naye alicheza, na beseni kichwani, mikono imeinuliwa, nikamwona jinsi alivyokuwa msichana zamani.

Walipotuachia tukasogea mbele kidogo, tukapumzika, tukabadilisha. Mvulana alipokuja mbele nilishtuka. Alikuwa baridi. Si mikono tu, tumbo. Kilio chake kilikuwa kimegeuka mlio wa paka mdogo, kisha hata huo ukaisha. Nilimbana kifuani, nikafunga blauzi, nikafunga kikwembe juu yake, nikatembea nimekunja mgongo ili nimfunike kwa mwili wote. Nilikuwa naogopa kweli sasa. Nikawa namhesabia pumzi.

Na akarudi. Hiki ndicho kitu ambacho singependa kukiandika, lakini bila hiki mengine yote ni uongo. Baada ya mwendo wa kama saa moja tumbo lake likapata moto tena, akaanza kusogeza mdomo kwenye ngozi yangu, akatafuta. Nilimkamulia tone, akameza. Msichana mgongoni alikuwa analia kwa nguvu zake zote, na kilio kile cha nguvu kilinitosha kujua kwamba yeye yuko salama. Kwa hiyo nilijua. Hakuna mtu aliyeniambia, mwili wangu wenyewe ulinionyesha: kifuani huyu anaishi, mgongoni anakufa, na yule mwingine anaweza kukaa popote.

Tukafika mtoni. Mto ule si mkubwa, wakati wa kiangazi watu wanavuka juu ya magogo, lakini magogo yalikuwa yameondoka, tukavuka ndani ya maji. Yalinifika mapajani. Katikati niliteleza, nikapiga goti moja, nikasimama. Watoto hawakuzama, asante Mungu, ila kikwembe cha mgongoni kililowa nusu nzima ya chini, na nusu ya bulangeti la msichana nayo.

Ng'ambo tuliketi kwenye mchanga. Mji ulikuwa umeshaonekana, mabati yake yanang'aa, kama saa moja na nusu ya mwendo. Nilimfungua msichana. Alikuwa amelowa, analia, miguu imekuwa ya buluu kidogo. Alihitaji kukaushwa na kupashwa moto, sikatai. Lakini alikuwa analia. Mvulana alikuwa kimya kifuani pangu, ana moto wake mdogo, anapumua.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anakamua kikwembe kilicholowa, anakikung'uta kwenye upepo. Nilikuwa na maneno mdomoni: Mama, huyu abaki kifuani. Maneno manne. Badala yake nikauliza, kama mtoto anayeuliza mwalimu, "Mama, sasa nani anakuja mbele?"

Alimtazama mvulana pale alipokuwa, kichwa chake kidogo chini ya shingo yangu. Akatazama njia. Kisha akatazama kikwembe mikononi mwake.

"Zamu ni ya musichana," akasema.

Nikamtoa mvulana. Nilimtoa mwenyewe, kwa mikono yangu, hakuna aliyenilazimisha. Tukampa bulangeti kavu, lile lake, na juu yake kikwembe kile kibichi, kwa sababu kingine kilikuwa kimefunga beseni na mkeka na hatukutaka kupoteza wakati kukifungua. Nilisema tutafika upesi. Nilisema saa moja na nusu si kitu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu.

Mwanzoni nilimsikia. Nilihisi kifua chake kidogo kwenye uti wa mgongo wangu. Baadaye akatulia, nikajisemea, amelala, afadhali. Msichana naye akalala mbele, amekauka, ameshiba. Mama mkwe alikuwa anatembea nyuma yangu, na tangu asubuhi alikuwa anavuma wimbo mmoja wa kanisani, hauishi, ulikuwa unaanza kunichosha. Kabla ya nyumba za kwanza za mji aliuacha. Nilifikiri amechoka.

Hospitali tulipokelewa na mama mmoja mtu mzima, nesi, mikono mipana. Alimchukua msichana kwanza, akamgusa, akampa mwenzake. Akanigeuza, akafungua fundo la kikwembe. Alimlaza mvulana mezani, akamsugua, akampulizia, akamsugua tena. Alifanya kazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani kwa ajili yangu.

"Huyu alikuwa mugongoni tangu saa ngapi?" akaniuliza.

"Tangu sasa hivi," nikasema.

Alitazama kikwembe mkononi mwake. Kilikuwa kimekauka chote, na mchanga wa mtoni umegandia kwenye upindo. Akakikunja, akakiweka kando.

Nilifungua mdomo nilie, na mama mkwe akaniwekea mkono juu ya mdomo. Si kwa ukali. Mkono ulikuwa wa baridi. "Pasa haliliwi," akasema. "Hajakufa, amerudi tu. Ukimulilia, huyu atasikia, atamufuata." Akanionyesha msichana. Nikafunga mdomo. Waswahili walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi hata huko kulia sikupewa.

Yeye ndiye aliyekwenda kumzika, na mtu mmoja wa makaburi. Alirudi jioni ana udongo kwenye kucha. Mimi nilikuwa nimeshalazwa, kifua wazi, msichana juu yangu, ngozi kwa ngozi, maana nesi alisema huyu naye hayuko mbali na shimo. Alikaa hapo siku kumi na sita. Hakukuwa na zamu tena. Alinenepa mbele ya macho yangu, akapata mashavu, na maziwa ya watu wawili yote yakawa yake. Wakati mwingine nilimwangalia akinyonya nikamchukia, kwa dakika moja hivi, halafu nikambana mpaka akalia. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Wageni walikuja. Hakuna aliyesema amekufa. Walisema, "Mukubwa amerudi nyumbani, sivyo?" nami nikajibu ndiyo, amerudi. Mume wangu alifika kutoka Kigoma, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akauliza swali lile nililolijua, kwa sauti ya chini, kwa haya, maana alikuwa mtu mwema: "Uliwabeba sawa?" Mama yake akajibu kabla yangu. "Aliwabeba sawa," akasema. "Nilikuwa hapo. Hakubagua hata kidogo." Mume akainamisha kichwa, akanishukuru. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Hatukurudi kijijini. Tulipanga chumba hapa Kalemie, karibu na hospitali, na mama mkwe akabaki nasi mpaka mvua za kwanza. Hatukuongea juu ya njia ile. Tuliongea juu ya chumvi, juu ya bei ya unga, juu ya mtoto kukohoa. Alimpenda mtoto yule kwa namna ya kutisha; hakumwacha hata aguswe na kivuli.

Siku moja mchana tulikuwa wawili uani. Mtu alikuwa ametuletea maharage kutoka juu, kwao, tukawa tunayachambua kwenye ungo mmoja. Mtoto amelala mkekani kati yetu. Mama mkwe akaanza kusema bila kuniangalia, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

"Kwetu ng'ombe akizaa wawili wakati wa baridi," akasema, "baba yangu alikuwa anachukua ule zaifu, anamuingiza ndani ya nyumba, kando ya moto. Tunalala naye. Ule wa nguvu anabaki inje na mama yake. Hakuna mwenye kuuliza zamu. Toka mutoto mudogo niliona vile. Ule zaifu anapona."

Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Pale mutoni nilikumbuka," akasema. "Nilimuona kijana pale kwenye kifua yako, nikakumbuka ndama. Nikasema, mimi njo mukubwa, nikivunja desturi, huyu muke ya mwana wangu atasema nini juu yangu siku mutoto mwengine akifa. Nikanyamaza."

Nilikuwa na maharage mkononi. Nilimwambia, "Na mimi nilijua, Mama. Nilikuogopa."

Akaacha kuchambua. Hakulia, wala mimi sikulia, kwa sababu mtoto alikuwa hapo na angesikia. Tulikaa uani mpaka jua likahama, wanawake wawili na mtoto mmoja.